Mpangaji halisi ni yule apangaye

Nyumba njema si mlango, walinena wahenga. Walitaka kutuasa tusiihukumu nyumba kwa umbo lake la nje kabla ya kuyajua yaliyomo ndani. Leo nataka kuyazungumzia hayo yaliyomo ndani, na kwa kuwa si adabu kuanza kufagia uani kwa jirani ilhali kwako kumejaa taka, nitaanza na nyumba yangu mwenyewe.

Mimi ni mwalimu wa isimu katika chuo kikuu. Kila mwaka huwafundisha wanafunzi wapya viambishi vitatu vya mahali ambavyo Kiswahili kimejaliwa kuwa navyo: po, ko na mo. Tukisema kitabu kipo, mahali pake ni dhahiri, pajulikana. Tukisema kitabu kiko, mahali hapo ni pa jumla tu, hapajabainika: kiko huko, kiko mahali fulani. Tukisema kitabu kimo, tumeingia ndani ya kitu: kimo sandukuni, kimo mkobani. Wanafunzi huyanakili hayo madaftarini, huyajibu katika mtihani, kisha huyasahau. Nami nakiri bila kuficha kwamba niliyafundisha kwa miaka 15 pasi na kutambua kuwa nyumba niliyokuwa nikilala ilijaa ko tupu.

Nilitanabahi usiku mmoja wa mwaka 2022. Mke wangu aliamka mwendo wa saa nane akilalamika tumbo, na kabla ya saa tisa maumivu yalikuwa yamemkunja kama jamvi. Jirani yetu aliamka kwa hisani yake akawasha gari. Kilichobaki ni kitambulisho cha mgonjwa na kadi yake ya bima. Nilifungua droo ya kwanza, nikafungua ya pili, nikainua godoro, nikamwaga mkoba mzima kitandani. Mwishowe nikamwinamia mgonjwa, aliyekuwa akiuma leso kwa uchungu, nikamwuliza: "Mama watoto, kadi iko wapi?" Alijaribu kunielekeza: katika bahasha ya kahawia, chini ya sare za mwaka jana, ndani ya sanduku lililo nyuma ya lile jingine. Sikuiona. Basi aliinuka mwenyewe, mkono mmoja umeshika tumbo na wa pili umeshika ukuta, akaenda akaitoa, akanipa.

Madaktari walimpasua alfajiri hiyo wakatoa kidole tumbo, na kwa rehema za Mungu akapona. Lakini sura ya mgonjwa akiinuka kumtafutia mzima kadi haijanitoka akilini hadi leo. Wala si hayo tu. Alilazwa siku 4, na katika siku hizo nilimpigia simu mara nyingi mno. Kwanza nilimjulia hali, kama ilivyo ada, kisha nikauliza: soksi nyeupe za mtoto wa pili ziko wapi? Risiti ya karo iko wapi? Kifuniko cha sufuria kubwa kiko wapi? Siku ya tatu alinijibu kwa upole, "Baba watoto, mimi nililetwa hospitali, lakini naona na nyumba nayo imenifuata hapa kitandani."

Yaelekea hali hii si yangu peke yangu. Katika nyumba zetu nyingi, ramani nzima ya nyumba imehifadhiwa katika kichwa cha mtu mmoja, aghalabu mama, au mama na msaidizi wake wa nyumbani. Wengine wote ni wageni wanaouliza njia. Mzigo huo haupimwi kwa ndoo wala kwa gunia, na kwa hiyo hatuuoni. Aubebaye hautui. Huenda nao kazini, huenda nao sokoni na kanisani au msikitini, na kama nilivyoshuhudia, hulala nao wadini. Isitoshe, mzigo wenyewe umezidi. Mtaala wa umilisi ulipoanza kutekelezwa mwaka 2019, watoto walianza kuagizwa kutoka shuleni walete mikebe, vitambaa, mbegu na gundi. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, meza ile ile ya kulia ikawa darasa asubuhi, ofisi mchana na meza ya chakula jioni. Shule zilifunguliwa tena, lakini vitu vilivyokwisha kuingia ndani havikutoka.

Hoja yangu leo ni moja. Kuipanga nyumba si kuipamba wala kuijenga upya. Ni kuitoa ramani hiyo katika kichwa cha mtu mmoja na kuiweka mahali ambapo kila mkazi ataisoma.

Mke wangu alipotoka hospitalini, mimi nilidhani dawa ni pesa na nyundo. Nikamwita seremala apime kabati la kutoka sakafuni hadi darini. Alipima, akaandika, akanipa karatasi. Bei niliyoisoma humo ilizidi mshahara wangu wa mwezi. Mwenye nyumba naye, nilipomwomba ruhusa, alinikumbusha kifungu cha mkataba kinachokataza hata msumari mmoja ukutani. Nikarudi ndani nimenywea. Ndipo nilipoanza kuliwazia jina nililopewa katika mkataba huo huo: mpangaji.

Kiswahili kina kitenzi kimoja, kupanga, kinachobeba maana tatu. Kupanga ni kukodi chumba au nyumba ya mwingine. Kupanga ni kuviweka vitu kwa taratibu. Kupanga ni kuazimia mapema jambo litakavyotendwa. Ukikinyambua utapata kupangisha, ambayo ni kazi ya mwenye nyumba, na kupangua, kazi ambayo watoto wangu watatu huifanya bila kufunzwa na yeyote. Familia nyingi mno katika miji yetu, kuanzia Nairobi na Mombasa hadi Kisumu na Nakuru, hupanga kwa maana ya kwanza. Kuta si zao, na milango si yao. Hata hivyo, hakuna mkataba unaowakataza kupanga kwa maana ya pili na ya tatu.

Tulianza kwa kupunguza. Usemi wa kwamba kupanga ni kuchagua ulipata umaarufu mwaka 1969 Mwalimu Julius Nyerere alipokuwa akiueleza Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Tanzania, nao wafaa jikoni kama ulivyofaa serikalini. Tulikuta vifuniko 9 visivyo na sufuria, soksi za mguu mmoja, chaja za simu zilizokwisha kufa, na sare za darasa ambalo mtoto alilivuka zamani. Nilitarajia kwamba takataka nyingi zingekuwa za watoto. La hasha. Mlima mkubwa kuliko yote ulikuwa wangu: makaratasi ya mitihani iliyokwisha kusahihishwa, mikoba ya makongamano, magazeti niliyoapa kuyasoma nikipata nafasi. Ulikuwa umeziba nusu ya ushoroba, nami nikiuruka kila siku huku nikiwagombeza watoto kwa kuacha viatu njiani.

Chini ya mlima huo tulikuta saa ya mkononi. Hapa sina budi kutua kidogo. Saa hiyo, niliyoachiwa na marehemu baba, ilikuwa imepotea miaka 2 kabla. Wakati huo tulikuwa na msaidizi mwingine wa nyumbani, msichana mpole aliyependwa sana na watoto. Hatukumshtaki popote, wala hatukumtukana. Tulimwuliza tu, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, na kila mara sauti zetu zikizidi kuwa baridi. Mwisho wa mwezi aliomba ruhusa ya kwenda kwao, asirudi. Sasa saa ilikuwa mkononi mwangu, ndani ya bahasha niliyoiandika anwani kwa mwandiko wangu mwenyewe. Nilimtafuta kwa simu nikamwomba radhi. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Haya, Mwalimu. Mimi nilijua siku moja itaonekana." Sikuwa na la kumjibu.

Ni nyumba ngapi ambamo mfanyakazi ameshukiwa wizi kwa sababu tajiri wake hana mahali pa kuweka saa? Wako wanaodhani kwamba vurugu ya nyumbani ni suala la urembo, kwamba mgeni akija tutaona haya basi. Si hivyo. Vurugu hugharimu, na anayelipa gharama hiyo mara nyingi si yule aliyeisababisha.

Baada ya kupunguza, tuligawa. Hapo nilivirudia viambishi vyangu vitatu, safari hii nikiwa mwanafunzi. Vitu vya kila siku tulivipa mahali pa po, yaani mahali pa wazi panapofikiwa bila kuhamisha kitu kingine: funguo, shanta za shule, viatu, kikapu cha sokoni, na dawa ya pumu ya kifungua mimba wetu. Vitu vya jamii moja vinavyohitajiwa mara kwa mara tulivipa mo, kila jamii ndani ya chombo chake: dawa na bandeji, sindano na nyuzi, vifaa vya kazi za shule, tochi na mishumaa ya siku stima inapopotea. Vitu vya mara moja au mbili kwa mwaka ndivyo tulivyovipeleka ko: juu ya kabati la nguo, chini ya vitanda, ndani ya masanduku ya safari ambayo vinginevyo hukaa matupu. Kosa letu la zamani lilikuwa kuvigeuza. Sahani za Krismasi zilikaa mbele, mkono ukizifikia kwa urahisi, ilhali dawa ya pumu ilikuwa huko, na huko kwenyewe hakuna aliyekujua ila mama.

Hatukununua vyombo. Tulitumia katoni kutoka dukani, ndoo za rangi zilizosafishwa, mikebe ya biskuti na kiondo alichotuletea mama mkwe. Mitungi ya maji, ambayo mkazi wa jiji lenye mgao wa maji hawezi kuikosa, tuliiondoa mlangoni pa jikoni tukaisukuma chini ya meza. Kwa kuwa msumari ni haramu, tulitumia kulabu zinazoning'inizwa juu ya ubao wa mlango wenyewe. Gharama yote ilikuwa ya hizo kulabu tu.

Haya si mageni kwetu. Katika nyumba za mawe za Lamu, mji uliotiwa katika orodha ya Turathi za Dunia mwaka 2001, wajenzi walitia vidaka kutani vya kuwekea vyombo vya thamani. Lakini hata asiyekuwa na kidaka alikuwa na kasha la nguo, na alikuwa na susu, ule wavu wa kamba unaoning'inizwa darini ili chakula kisifikiwe na paka wala panya. Kwetu Kilifi, jiko la mama yangu lilikuwa na uchaga juu ya meko, mahindi yakikaushwa kwa moshi yasibunguliwe na wadudu. Chumvi ilikuwa upande wa kushoto wa meko tangu nipate fahamu, na mama aliweza kuichukua gizani. Jiko lile halikuzidi hatua nne kwa nne. Lugha yetu ina msamiati mzima wa mahali pa kuweka vitu. Sisi tulio mijini tumebakiwa na neno moja, kabati, na lenyewe likijaa tunasema nyumba ni ndogo.

Jambo la tatu ni majina. Chombo kisichokuwa na jina hukaribisha kila kitu. Tuliandika vibandiko kwa kalamu nene, na kwa kitinda mimba wetu ambaye hakuwa amejua kusoma, dada yake alimchorea picha: soksi, mpira, kijiko. Nilipopendekeza katoni moja iandikwe "mengineyo", mke wangu alikataa katakata. Alikuwa na haki. Katoni ya mengineyo ni sawa na ile "n.k." ambayo wanafunzi wangu huiandika mwishoni mwa jibu wanapokuwa hawajui zaidi. Kitu kisichoweza kupewa jina, ama hakihitajiwi, ama hatujakifikiria vya kutosha.

Jikoni nililikoroga. Nilipanga vikolezo kwa ukubwa wa mikebe, nikasimama kuitazama kazi yangu kama jemadari. Msaidizi wetu wa sasa, mama wa makamo ambaye watoto humwita Anti, aliingia, akatazama, akaniuliza kwa heshima: "Baba, wewe hupika saa ngapi?" Kisha akarudisha majani ya chai, sukari na chumvi karibu na jiko la gesi, mwiko na kikaango vikatundikwa mkono wa kulia, na unga ukashushwa chini kwa kuwa ni mzito. Yeye alikuwa na mpango wake tangu zamani. Hakuna aliyewahi kumwuliza. Tangu hapo nimeshika kanuni: mahali pa kazi hupangwa na afanyaye kazi hapo, na wengine huusoma mpango wake na kuufuata.

Kuhusu stakabadhi, tuliweka mkoba mmoja. Vyeti vya kuzaliwa, kadi za bima, nakala za vitambulisho, vijitabu vya kliniki na risiti za karo zimo humo, na mkoba wenyewe upo chumbani petu, kwenye kulabu nyuma ya mlango. Kila mtu aliyevuka umri wa miaka 10 nyumbani mwangu aweza kuuchukua gizani, kama mama yangu na chumvi yake. Jioni, dakika 10 kabla ya taarifa ya habari ya saa moja, kila mmoja hurudisha alichokitoa: mimi vitabu na vikombe vya chai, watoto viatu na vifaa vyao. Shanta hupangwa usiku. Asubuhi si wakati wa kutafuta. Gari la shule halimngoji mtu.

Najua wako watakaonipinga. Mmoja atasema hii ni kazi ya akina mama, na kwamba mwanamume mwenye shahada ya uzamifu hana haja ya kuandika vibandiko vya soksi. Huyo namwuliza kama angependa kuinuliwa kitandani akiwa na uchungu ili amtafutie mwenzake kadi. Mwingine, na huyu ana hoja nzito zaidi, atasema ninazungumza kwa starehe ya vyumba vitatu, ilhali yeye na wanawe wanne wanaishi katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Namjibu kwa unyenyekevu kwamba nimeishi katika chumba cha aina hiyo nikiwa mwanafunzi, na sidai kwamba katoni na vibandiko vitaongeza nafasi. Ufinyu wa makazi ni jambo la sera na la mishahara, nao wahitaji makala yake. Hata hivyo, palipo na nafasi ndogo ndipo kosa dogo huumiza zaidi, na mkoba mmoja wa stakabadhi nyuma ya mlango hauhitaji chumba cha ziada.

Nisieleweke kwamba nyumba yangu sasa ni jumba la makumbusho. Juzi nilikanyaga kigari cha mtoto gizani nikaruka kwa mguu mmoja hadi bafuni. Mlima wangu wa makaratasi nao hujaribu kuota tena kila mwisho wa muhula. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi wapangaji, ambao ukuta hatuna ruhusa ya kuujenga, hatuna budi kuziba ufa kila siku.

Lakini mwezi uliopita mke wangu alisafiri kwao kwa mazishi, akakaa siku 5. Nilimpigia simu kila jioni. Tulizungumza juu ya wafiwa, juu ya mvua, juu ya shangazi yake aliyekataa kula. Siku ya tatu alinikatiza. "Baba watoto," akasema, "hujaniuliza kitu hata kimoja. Mko salama huko?" Nikamwambia tuko salama. Alinyamaza kidogo, kisha akacheka, na kicheko chake hicho kilinifanya nijiulize ni miaka mingapi sikuwa nimekisikia akiwa mbali na nyumbani.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Leo jioni, kabla ya taarifa ya habari, mwulize kila aliyemo nyumbani mwako, isipokuwa mama, swali moja tu: kadi ya mama ya hospitali ipo wapi? Ukijibiwa "huko", anza na hiyo.